Kiboko Alivyoyaita Magari Yake Yarudi

Naanza hadithi.
— Anza, tumekaa.
Aliyesinzia?
— Tumemgonga kiwiko.
Na asiyeamini?
— Aamini kidogo kidogo.

Basi hapo kale, wanyama walikuwa na magari. Yalikuwa magari ya miti, yenye magurudumu manne, ya kusukumwa mlimani na kuteremka yenyewe. Fundi wa magari hayo alikuwa mmoja tu, Bwana Kiboko, mwenye karakana kando ya mto. Alikuwa na nguvu, alikuwa na tumbo, na alikuwa na rangi nyekundu nzuri sana ya kupaka magari.

Kununua gari kulikuwa na desturi yake. Mnunuzi alilizunguka gari mara tatu. Kisha alilipiga teke gurudumu la mbele. Kisha alitikisa kichwa na kusema, "Hili ni gari." Hakuna aliyejua lile teke linatafuta nini. Msiwacheke. Hata mimi ningepiga teke hilohilo, na ningechagua kwa rangi, maana hivyo ndivyo nilivyonunua jiko langu, na moshi wake mnaujua.

Mama Pimbi naye alizunguka mara tatu, akapiga teke, akaumia kidole, akasema, "Hili ni gari." Pimbi ni mnyama mdogo wa majabalini, hana pembe, hana meno ya kutisha, hata mkia hana. Mama huyu alikuwa na watoto watatu, na mdogo wao aliitwa Tunu. Alitaka gari la kubebea maji na watoto, kwa sababu mgongo wake ulikuwa mmoja.

Gari likaenda vizuri miezi sita. Kwichi kwichi kwichi, linapanda. Kwichi kwichi kwichi, linashuka.

Sasa sikilizeni. Kwenye ncha ya ekseli, ule mti unaoshika magurudumu, hupitishwa kijiti kidogo cha kuzuia gurudumu lisichomoke. Mafundi hukiita pini. Pini inatakiwa iwe ya mti mgumu, kama mpingo. Bwana Kiboko alikuwa akitengeneza pini za mpapai, kwa sababu mpapai aliukata kwa meno mara moja tu, kap, halafu akarudi zake mtoni kulala.

Pini ya Digidigi ikakatika. Tak. Digidigi akaenda karakana kulalamika. Kiboko akamwambia, "Gari langu zima. Kosa ni la dereva." Digidigi akarudi nyumbani na aibu yake.

Pini ya Nungunungu ikakatika. Tak. Nungunungu akaenda karakana kulalamika. Kiboko akamwambia, "Gari langu zima. Kosa ni la dereva." Nungunungu akarudi nyumbani na aibu yake, na hakumwambia mtu, asije akaitwa mzembe.

Siku moja asubuhi Mama Pimbi alikuwa anashuka mlima, Tunu kakaa ndani ya gari na kibuyu cha maji. Kwichi kwichi kwichi, tak. Gurudumu likaruka upande. Gari likamponyoka mama, likateremka kwa kuyumba, na mtoto ndani.

Chini barabarani alikuwepo Bi Kobe, ambaye alianza kuvuka tangu jana. Aliliona gari. Bado hatua moja tu awe amepita salama. Bi Kobe akairudisha hatua ile, akakaa katikati ya njia, akavuta kichwa ndani. Du. Gari likasimama. Tunu alichubuka goti. Gamba la Bi Kobe lilipata ufa mrefu. Bi Kobe akatoa kichwa, akauliza kama mtoto ameumia, kisha akaomba radhi kwa kukaa njiani.

Mama Pimbi alilia, akampaka Bi Kobe dawa, halafu akaenda karakana mguu mosi mguu pili. Akamwomba Kiboko ayaite magari yote yarudi, ayatie pini za mpingo, kabla mtoto mwingine hajateremka mlima bila gurudumu.

Kiboko alicheka mpaka mto ukatikisika. "Mama, gari langu zima. Kosa ni la dereva. Na hata kama si zima, kazi yangu ni kutengeneza magari ya kuuza. Niliyokwisha kuuza yananihusu nini?"

Mama Pimbi akarudi. Lakini yeye hakuwa na aibu, au alikuwa nayo akaisahau kisimani, maana aliwasimulia majirani wote jinsi alivyo dereva mbovu, na jinsi alivyopiga teke gurudumu likamjeruhi kidole. Majirani wakacheka. Walipomaliza kucheka, Digidigi akasema kwa sauti ndogo kwamba hata lake. Nungunungu akasema hata lake. Walipokusanya pini zilizokatika, zilikuwa saba, zote za mpapai. Na huko barabarani magari mengine yalikuwa yakipanda na kushuka, kila moja na watoto wa mtu.

Kesho yake Mama Pimbi akainjika chungu mbele ya karakana, upande unaotokea upepo. Akatia zile pini saba. Akatia asali yote aliyoiweka kwa ajili ya kikohozi cha watoto. Bwata, bwata, bwata.

Pua ya Kiboko ikatoka majini. Akauliza kunapikwa nini. Mama Pimbi akafunika chungu. Kiboko akauliza tena. Mama Pimbi akakikalia kifuniko, na kilikuwa cha moto, na hapo alifurahi kidogo kwamba hana mkia wa kuungua.

"Ni takataka tu, Bwana Kiboko. Pini zako zilizokatika."

Kiboko akamsogeza kwa pua, akala moja. Akala sita zilizobaki. Akalamba chungu nje na ndani. Ndipo Mama Pimbi, kama mtu anayetoa siri ya ukoo, akamweleza kwamba mpapai ukipakwa grisi na kuzungushwa barabarani miezi sita hugeuka mtamu namna ile, ila wenyewe wenye magari bado hawajajua.

Kiboko akalamba midomo. Kisha akasema polepole, "Kumbe chakula changu kinazurura barabarani."

Akaamua magari yote yarudi siku hiyohiyo. Atachukua pini za zamani, atatia mpya za mpapai, na baada ya miezi sita avune tena.

Hapo Mama Pimbi akaona ujanja wake una tundu, tena kubwa la kupitisha kiboko. Alijiita mjinga kimoyomoyo mara tatu, akajikuna mahali ambapo mkia ungekuwa. Halafu akasema, "Ni sawa. Ila wakishaonja watazitafuna wenyewe, wewe watakuletea makombo. Ndiyo nikawaza, ungetia mti ambao hakuna awezaye kuutafuna."

Kiboko hakuweza kuvumilia wazo la mtu mwingine kula chake. Akaenda kukata mpingo.

Alikata siku tatu. Meno yalimuuma, na jasho lilimtoka jekundu kama rangi ya magari yake, na mpaka leo Kiboko hutoka jasho jekundu. Kisha akamtuma ndege Hondohondo, mwenye sauti ya kufika mbali, apite akitangaza hivi: "Bwana Kiboko, kwa mapenzi makubwa aliyonayo kwa wateja wake, anaomba magari yote yarudi karakana. Pini zitabadilishwa bure. Za zamani ziachwe kwake."

Magari yakarudi, kwichi kwichi kwichi, foleni mpaka juu mlimani. Kiboko akachomoa mpapai, akatia mpingo. Akachomoa mpapai, akatia mpingo. Alipolifikia gari la Mama Pimbi, Tunu alikuwa bado kakaa ndani, anaogopa kushuka. Kiboko akambeba kwa mdomo, taratibu, kama yai, akamweka chini, ndipo akafanya kazi yake. Sijui kwa nini. Mdomoni mwake angeweza kuingia ukoo mzima.

Jioni alibaki na lundo la pini. Akachemsha, hakuona haja ya asali, akajaza mdomo. Ilikuwa grisi, vumbi na samadi ya barabarani. Alitaka kutema, lakini wateja walikuwa wamekwisha fika na ngoma kuja kumshukuru, wakiimba kwamba hakuna fundi mwenye huruma kama huyu. Bi Kobe aliletwa ndani ya gari, kwa mara ya kwanza akiwa abiria. Hondohondo akamwomba mwenye karakana aseme neno.

Kiboko akameza.

"Wateja kwanza," akasema.

Wakapiga vigelegele. Mama Pimbi naye alipiga, tena kuliko wote, akitafuna ncha ya kanga asicheke.

Msimu uliofuata, kiti cha gari la Nungunungu kikalegea. Kabla hata hajalalamika, Hondohondo alikuwa keshapita akitangaza magari yote yarudi, viti vikazwe bure. Mama Pimbi akaingiwa na huruma. Akamwendea Kiboko faraghani, akakiri kwamba ile siku ilikuwa asali tu, na kwamba kwenye viti hakuna kitu cha kula.

Kiboko alisema anajua, alijua tangu pini ya kwanza aliyoimeza jioni ile ya ngoma. Akageuza nyundo mkononi, akaangalia pembeni. "Lakini wataimba tena, Mama Pimbi?"

"Wataimba," akasema Mama Pimbi.

Na alipoona wengine wanachelewa kufika, akaanza kuimba yeye mwenyewe, kwa sauti yake mbaya.

Funzo lake ni hili, wanangu. Mwenye karakana akiyaita magari yarudi, jueni ni mapenzi matupu, tumbo lake halihusiki. Na siku mtakayonunua gari, lizungukeni mara tatu, lipigeni teke, mchague rangi. Chini msiangalie, mtamvunja moyo fundi.

Hadithi yangu imefika, na magurudumu yote manne.
— Shusha abiria.