Sange, Chatu na Pazia la Kiboko

Hapo zamani za kale, watoto, wanyama walikuwa wakijenga nyumba na kukaribishana vyumbani kama sisi tufanyavyo leo. Kiboko alikuwa na nyumba ya udongo juu ya kilima. Ilikuwa na vyumba viwili vya wageni. Kimoja kilipakana na jiko, kwa hiyo kilikuwa na joto mchana kutwa. Cha pili kilikuwa mwisho wa nyumba, na Kiboko alikijaza nyasi zake za akiba mpaka darini.

Masika yakaja. Maji yakafurika bondeni, yakaingia katika kichaka cha Sange. Mnamjua Sange? Ni mnyama mdogo kama panya, mwenye miguu miembamba ya kukimbia na pua ndefu isiyotulia. Akawachukua watoto wake wawili, Kipua na Tuli, akapanda kilima.

"Hodi, Bwana Kiboko."

"Karibu. Nani mwenzangu?"

"Ni mimi Sange. Kwangu kumejaa maji. Nipe pa kulala na wanangu, nami nitakufagilia njia zako zote kila asubuhi."

Kiboko akakubali upesi, maana Sange hujua kufagia njia. Hata jani moja haliachi. Akampa chumba cha jikoni.

Kesho yake hodi nyingine ikapigwa. Alikuwa Chatu, amejikokota kutoka mtoni, mwili baridi kama jiwe.

"Bwana Kiboko, mimi sina moto wangu mwenyewe mwilini," akasema. "Nisipopata mahali pa joto, sifiki mwisho wa juma."

Kiboko akajikuna shingo. Chumba chenye joto kilikuwa kimoja tu. Basi akachukua mkeka, akautundika katikati ya chumba kama pazia.

"Sange huku, Chatu kule," akasema. "Shauri limekwisha."

"Bwana Kiboko," Sange akasema, "huyu hula wadogo kama sisi."

"Jirani," Chatu akajibu kwa upole, "mimi hula mara moja kwa mwezi, na juzi tu nimekula. Tena nina adabu zangu. Sivuki pazia la watu."

"Umesikia?" akasema Kiboko. "Mwenyewe amesema."

Siku ya kwanza ikapita. Siku ya pili, Kipua na Tuli wakaacha kula.

"Kuleni mchwa hawa, ni wanono," mama yao akawabembeleza.

"Hatuwezi, mama," akasema Tuli. "Kunanuka nyoka. Tukimeza, tumbo linakataa."

Nyuma ya pazia ikasikika, sss, sss, sss.

"Jirani," Sange akaita, "mbona unachezesha ulimi tangu alfajiri?"

"Niwie radhi, Mama Kipua. Nimeshiba kabisa, lakini harufu ya wanao inanijia huku, na ulimi wangu hautulii."

"Na wakipita karibu yako?"

"Aa, mimi na adabu zangu hizi?" Chatu akajikunja upya. "Lakini waambie wasipite karibu."

Siku ya tano, mbavu za Kipua zikaanza kuhesabika. Sange akamwendea Kiboko uani.

"Wanangu wanakonda. Tuhamishie kwenye chumba cha nyasi. Hakina joto, lakini tutajifukia."

"Na nyasi zangu nizipeleke wapi?"

"Nyingine ziko njiani kwenda tumboni mwako, Bwana Kiboko."

"Usinifanyie mzaha. Chatu hajavuka pazia, hata mkeka haujatoboka. Unachonilalamikia ni harufu tu, na harufu haiumi."

"Haiumi?"

"Tangu nizaliwe sijaona mtu aliyeumwa na harufu."

Sange akarudi chumbani, akakichukua kitambaa ambacho watoto wake walikuwa wakikilalia. Kisha akawatoa Kipua na Tuli nje, akawaambia wakae nyuma ya kinu wasitoke mpaka awaite.

Kiboko aliporudi kutoka mtoni, uso wake ulikuwa matope matupu.

"Inama nikupanguse," Sange akamwambia.

Kiboko alipenda sana kuhudumiwa. Akainama. Sange akampangusa, fu, fu, fu. Mashavu akayapitia kidogo, lakini pua akaisugua kwelikweli.

"Kitambaa chako kinanuka," akasema Kiboko.

"Ni harufu ya watoto tu. Sasa nisaidie jambo moja. Nina shaka na sakafu ya upande wa Chatu. Pengine inapitisha maji. Wewe ni mtu wa maji, ingiza pua yako chini ya pazia uniambie kama kuna unyevu."

"Hilo dogo," akasema Kiboko. Akaingia chumbani, akalala kifudifudi, akasukuma pua yake chini ya mkeka.

Upande wa pili, ulimi wa Chatu ukatoka. Ukaonja harufu ya Kipua. Ukaonja harufu ya Tuli. Ilikuwa karibu, tena yenye joto. Chatu hakuwa na nafasi hata ya kufikiri.

Chwap!

Kiboko alinguruma mpaka vyungu vikaanguka jikoni. Akasimama na mkeka kichwani, akatoka mbio hadi uani, Chatu ananing'inia puani kama kamba ya ng'ombe.

"Niachie! Niachie pua yangu!"

"Usivute," Chatu akasema huku mdomo umejaa. "Meno yangu yamepinda kwa ndani. Tulia niyatoe moja moja."

Kazi hiyo ilichukua muda. Alipomaliza, Kiboko alimkazia macho.

"Ulisema una adabu."

"Ninazo, Bwana Kiboko. Haki ya nani, nilidhani ni wale watoto."

Hapo Chatu akasikia mwenyewe alichokisema, akainamisha kichwa. "Hata hao sikuwakusudia," akasema polepole. "Nilinusa, mdomo ukatangulia."

Kiboko akamgeukia Sange. "Na wewe, kitambaa kile."

"Ndiyo, Bwana Kiboko. Nilikupaka harufu. Nilitaka uone kama inauma."

Kiboko akaigusa pua yake. Pua ilikuwa imevimba kama boga. Siku ile nzima alihamisha nyasi zake, mzigo baada ya mzigo, akabakiza rundo moja la kulalia. Kisha akakiwekea chumba kile cha mwisho mlango wa mbao.

Sange na watoto wake wakaingia, wakaufunga. Kipua akanusa huku, akanusa kule, akauliza, "Mama, wale mchwa bado wapo?"

Wakawala wote, hata mabawa hawakuacha. Baadaye sauti ya Chatu ikaita kutoka ng'ambo ya jiko, "Mama Kipua, hawajambo watoto?"

"Hawajambo, jirani. Wamekula."

"Afadhali. Na mimi ulimi wangu leo umetulia."

Basi, wanangu, anayeliwa na anayemla wasilazwe chumba kimoja, hata kama anayekula ana nia njema.