Msiba wa Mtumbwi

Ngano hii aliitamba kwanza bibi yetu, Bi Somoe binti Mbwana, jikoni kwake Mbwera, katika delta ya Rufiji, masika ya mwaka 1971. Alisema hakuisikia kwa mtu. Naiandika kama alivyoitamba.

— Mto wangu!
— Tunausikia!
— Unajaa?
— Unajaa!
— Unapwa?
— Unapwa!
— Basi kaeni mbali na ukingo.

Hapo kale wanyama wa mtoni walikuwa na chama cha matembezi. Mtumbwi wao ulikuwa mmoja, wa wote. Maji yakijaa, yanawapandisha. Maji yakipwa, yanawateremsha. Kima alipiga kasia, chubwi, chubwi. Kanga alikaa mbele, akipiga kelele njia nzima. Kobe alilala chini, uzito wake utulize mtumbwi. Na Kaa aliyatazama maji, akawaambia yanageuka lini.

Wenzake wote walikuwa na ukoo. Kaa aliishi peke yake, kwenye tope la ukingo wa mbali. Kutwa nzima hakusemeshwa na mtu, mpaka mtumbwi upite na Kima aite, "Ingia, ndugu yetu!" Kwa neno hilo alilala, na kwa neno hilo aliamka.

Siku moja akaja Kiboko. Alitoka juu sana, huko ambako maji huenda upande mmoja tu.

Pfuuu! "Mtumbwi mzuri. Nipisheni."

"Mzee," akasema Kima, "wewe si unaogelea?"

"Naogelea. Na mtumbwi nautaka."

Akaingia, mtumbwi ukalia ng'iii. Kima akatoka. Kanga akatoka. Kobe akasukumwa, pu! Kaa akapeperushwa kwa pumzi ya pua.

"Kuanzia leo ni wangu," akasema Kiboko. "Wangu peke yangu."

Kima akarudi kwa ukoo wake. Kanga akarudi kwa ukoo wake. Kobe naye vilevile. Kaa akarudi kwenye tope. Maji yakajaa, hakuna aliyeita. Maji yakapwa, hakuna aliyeita.

Ikafika siku ya bamvua, maji yanapopanda kuliko siku zote. Kaa akamwendea Kiboko.

"Shikamoo, bwana mkubwa."

"Sema."

"Nakuonea aibu. Mtumbwi wa mkubwa unafungwa chini, kama wa akina sisi?"

"Ufungwe wapi?"

"Juu, bwana. Pale kwenye nyasi, maji yanapokomea leo."

Kiboko akausukuma, chopo, chopo, mpaka kwenye nyasi.

Kesho yake maji yalikuja, hayakuufikia. Keshokutwa yalikuja, yakaishia mbali zaidi. Ndivyo ulivyo mto ule: baada ya bamvua huja maji mafu, na maji mafu hayapandi huko mpaka bamvua jingine. Kila mwenyeji anajua. Kiboko si mwenyeji. Akausukuma mtumbwi, ng'! Tope lililokauka limeushika. Akausukuma tena, ng'! Akakaa ndani yake juani, ngozi ikimpasuka, asiibiwe.

Ndipo Kaa akaja na wenzake, analia machozi. "Uwiii! Jamani, tumefiwa!"

"Nani kafa?" akauliza Kiboko.

"Mtumbwi, bwana mkubwa. Juzi ulikuwa unacheza. Leo hata hautikisiki."

Kiboko akaugusa. Hautikisiki. "Kumbe mitumbwi hufa?"

"Hufa, bwana. Pole sana. Sasa sisi tumekuja kukaa matanga kwako."

"Kwangu kwa nini?"

"Si wewe mwenyewe? Mwenye marehemu ndiye mfiwa, na mfiwa ndiye anayelisha. Kima anakuja na ukoo wake. Kanga na ukoo wake. Wataanza na zile nyasi zako za ng'ambo. Wakimaliza, watauliza kuna nini kingine."

Kiboko akaruka nje. "Nani kasema ni wangu? Mtumbwi wa chama huu! Nyote mashahidi!"

Akaingia majini, tubwi! Pfuuu, pfuuu, akapanda na mto, hakugeuka nyuma.

Bamvua lilipokuja tena, mtumbwi ukaelea. Kanga akapiga kelele. Kima akashika kasia. Kaa akakimbia kwenye tope lake kungojea, akajifuta, akawa safi.

Ndani ya mtumbwi Kobe akasema, "Mliona alivyolia?"

"Machozi ya kweli," akasema Kanga.

"Siku akinililia mimi," akasema Kima, "nitajuaje kama ni ya kweli?"

Chubwi, chubwi, wakafika ukingo wa mbali.

"Leo tumejaa, ndugu yetu!" akaita Kima. Katikati ya mtumbwi palikuwa na nafasi ya kumtosha Kiboko.

Kaa akainua gando, akawapungia. Nao wakampungia, wakapita. Maji yakipwa, nenda kwenye tope: utamwona nje ya shimo lake, gando juu, anampungia yeyote.

Ngano yangu imekwama hapa; mwenye nguvu na aisukume.

Na funzo, alisema Bibi, ni hili: mwenye akili hakosi wenzake. Tukaitikia, "Hakosi!" Akacheka, akaupuliza moto.

Bi Somoe alifariki mwaka 1979. Wasikilizaji tulikuwa wanne. Kaka yetu Mwichande amefariki. Dada yetu Mwanaidi yu hai, yuko Mafia, haoni vizuri. Mimi niko hai. Binamu yetu Shamte aliondoka kwenda Msumbiji, na habari zake hatujazipata. Namhesabu kuwa hai.