Vanadi Alivyopata Chumba Katika Damu ya Kiriba

Ilikuwa Jumanne, saa nne asubuhi, siku ya pili ya bamvua. Jua lilikuwa kali na upepo umelala. Maji yalikuwa yamekupwa, nasi tulikuwa tukisafisha kamba za mwani. Mize alimbana kiriba, yule mnyama laini wa vinywa viwili anayeng’ang’ania kamba, akarushiwa maji usoni.

“Shoga, umeogeshwa bila kuomba!” tukamcheka.

“Laini hivi, mbona samaki hawamli?” akauliza, akijifuta. Bi Mashavu, mkubwa wetu, alimjibu bila kuinua macho.

Zamani, alisema, Kiriba alikuwa na mkia na aliogelea apendako, ila hakuwa na gamba wala mwiba. Katika kila watoto mia aliowazaa, samaki Changu alimwachia watatu. Wakati huohuo Vanadi, metali iliyoyeyuka baharini, alizunguka amevaa njano, hana makao. Balaa lake lilikuwa sura: alifanana mno na Fosfati, fundi anayehitajiwa katika kila mwili. Mabawabu wa miili walimfungulia wakidhani ni fundi. Naye, akishakalia nafasi ya Fosfati asiyoijua kazi yake, shughuli zilisimama. Walipogundua, walimtimua.

Siku moja mabawabu wa Kiriba nao walikosea vivyo hivyo. Kiriba alimwuliza kabla ya kumfukuza.

“Bwana wee, kila mlango wafukuzwa wewe tu?”

“Sura sikujichagulia,” alijibu Vanadi. “Nipe chumba cha peke yangu, nisiguse kazi ya mtu.”

Kiriba alimtengea chumba ndani ya chembe za damu, akakijaza tindikali kali. Humo Vanadi alivua kwanza njano, akawa buluu. Kisha alivua buluu, akawa kijani. Sasa hakufanana tena na Fosfati, akatulia.

Kesho yake Changu alimng’ata mtoto wa Kiriba aliyerithi damu ile. “Ptu! Huyu mmemtia nini?” akatema, akaenda zake.

Kiriba alitaka kinga hiyo kwa watoto wote. Lakini ndugu zake Vanadi walikuwa wachache, wametawanyika katika maji mengi. Kuwakusanya kulihitaji kuchuja maji mchana kutwa, na hakuna awezaye kuchuja hivyo huku akiogelea. Basi Kiriba alijibandika mwambani, akaufyonza mkia wake mwenyewe, akabaki na vinywa viwili: cha kuingizia maji na cha kutolea.

Na tangu siku hiyo kila mtoto wa Kiriba huzaliwa na mkia, huogelea kwa muda mfupi, huchagua pa kukaa, kisha huuacha mkia.

“Watatu katika mia,” alisema Mize. “Na leo?”

“Si unao mkononi? Hesabu.”

Mize aliipitia kamba yake, akimgeuza kila kiriba kutafuta alama ya meno. Hakuiona hata moja, nao walikuwa mia mbili na kumi na wawili.