Manyunyu Chini ya Kifuniko

Katika mwalo wote wa Majanji, bandari ndogo ya wavuvi kando ya ziwa, hakuna aliyejivunia injini ya boti kama Oguttu. Ilikuwa kuukuu, rangi imebambuka, na kifuniko chake kilifungwa kwa kamba tangu komeo lilipovunjika. Hata hivyo, kwa miaka kumi na miwili ilikuwa imempeleka ziwani na kumrudisha salama, ikawasomesha watoto wake wanne. Ilipovutwa kamba ikanguruma, Oguttu alitabasamu kama mama anayesikia mwanawe akiitikia wito.

Mwezi wa Machi alianza kuona mambo mawili yasiyo ya kawaida. Mafuta meusi yalikuwa yakichuruzika kwenye mguu wa injini, mazito, yakinata kama utomvu wa fenesi. Tena, kila alipoongeza moto, manyunyu ya maji yaliruka chini ya kifuniko na kumlowesha mkono. Akamwita fundi Opolot, mtu mpole wa Merikit, ambaye alihamia mwaloni mwaka uliopita baada ya kutengeneza mashine za kusaga mahindi karibu maisha yake yote.

Opolot alifungua kifuniko huku injini ikinguruma, akachungulia kwa muda mrefu.

"Mzee Oguttu," alisema hatimaye, "ile maji inatoka huko nyuma pamoja na moshi haina neno. Injini inapumua tu. Lakini hii ya hapa juu si mzuri. Gasketi ya kichwa, ile inazuia maji isipite, imepasuka. Leo maji inatoka nje. Siku moja itaingia ndani, ifike kwa plagi, na injini itazima."

"Na haya mafuta?"

"Haiunguzi vizuri tena, ndiyo sababu inatema. Injini inakwambia inaumwa. Niachie siku mbili. Nitakwenda Busia kutafuta gasketi, nifungue kichwa, nibadilishe."

Siku mbili! Msimu ulikuwa umechangamka, sangara walikuwa wakipatikana, na hapo kando wachuuzi wa samaki walikuwa wamesimama wakisikiliza. Oguttu hakupenda kufundishwa mbele ya watu.

"Wewe Opolot," alisema kwa sauti ya kusikika, "kwenu Merikit mnalima mtama. Ziwa umelijua juzi. Mashine ya kusaga unga na injini ya majini, wapi na wapi?"

Wachuuzi waliangua kicheko. Opolot alifuta mikono yake, akarudisha kifuniko, akafunga kamba vizuri kuliko alivyoikuta. Mtu mmoja tu hakucheka. Huyo ni Eriku, mdogo wake Oguttu, aliyekuwa ameketi akishona nyavu.

"Kaka, msikilize fundi," alisema. "Siku mbili si mwaka."

"Shona nyavu zako," Oguttu alimjibu.

Tangu siku hiyo, kila asubuhi Oguttu aliyafuta yale mafuta kwa kitambaa kabla ya watu kujaa mwaloni. Alikata kipande cha tyubu ya baiskeli, akakizungusha mahali palipovuja, na manyunyu yakapungua. Wiki ya kwanza ikapita, ya pili ikapita, injini haikuzima hata mara moja. Kila alipompita Opolot aliinua mkono na kumsalimu kwa kicheko, naye Opolot aliitikia bila kinyongo.

Jumamosi ya wiki ya tatu, Eriku alitoka na wenzake wawili, Paddy na Rasto, katika mtumbwi wa makasia, kwenda kutoa nyavu zao. Alasiri upepo ulivuma ghafla kutoka magharibi, ziwa likachafuka, kisha likatulia nusu kwa nusu. Akongo, mama aliyekuwa akianika mukene, wale dagaa wa ziwani, ndiye aliyeona kwanza. Alitupa ungo wake chini akapiga yowe.

"Mtumbwi umepinduka! Watu wako majini!"

Maboti mengine yenye injini yalikuwa mbali ziwani. Boti ya Oguttu pekee ndiyo iliyokuwa ufukweni. Alikimbia akaisukuma majini, na alipogeuka, alimwona Opolot akipanda na spana mkononi. Opolot hakujua kuogelea, na watu wote walilijua hilo.

"Twende," Opolot alisema tu.

Injini iliwaka kwa mvuto wa kwanza. Oguttu aliongeza moto mpaka mwisho, boti ikapasua mawimbi. Walivuka nusu ya safari. Sasa aliweza kuona mgongo wa mtumbwi na vichwa vitatu vyeusi kando yake. Vitatu! Alimshukuru Mungu kwa sauti. Hapo injini ikakohoa, ikatoa moshi mweupe, ikazima.

Alivuta kamba. Alivuta tena. Opolot alifungua kifuniko. Maji yalikuwa yametapakaa kila mahali, na kile kipande cha tyubu kilikuwa kimechomoka. Alitoa plagi, ikatoka inadondosha maji, akaikausha kwa shati lake, akairudisha. Injini iliwaka, ikaenda mwendo mfupi, ikazima tena. Safari hii haikuitika kabisa.

"Makasia," alisema Opolot.

Walipiga makasia mpaka viganja vikachubuka, lakini boti ile ilikuwa nzito na upepo ulikuwa usoni mwao. Oguttu alingoja fundi amwambie, "Nilikuonya." Opolot hakusema. Alihema na kupiga kasia.

Walipofika, walikuta vichwa viwili. Paddy na Rasto walikuwa wameung'ang'ania mtumbwi, midomo ikitetemeka.

"Eriku yuko wapi?" Oguttu aliuliza, ingawa alikuwa ameshaona.

Paddy alilia kama mtoto. "Alikuwa hapa. Mguu wake ulinaswa na nyavu, zikawa zinamvuta. Aliposikia injini alisema, 'Huyo ni kaka, tumepona.' Akajikaza. Ilipozima akazidi kujikaza. Halafu mkono ukachoka."

Mwili ulipatikana siku ya tatu. Siku hiyo hiyo Oguttu alimwomba Opolot aifungue injini mbele yake. Gasketi ilikuwa nyembamba kama jani, na ufa wake haukuzidi urefu wa ukucha. Oguttu aliitazama mpaka macho yakamwuma.

Siku ya mazishi, katekista alisema kwamba Bwana ametoa na Bwana ametwaa. Waombolezaji walisema ziwa limezoea kula watu. Ilipofika zamu ya ndugu wa marehemu, Oguttu alisimama. Angeweza kukubaliana nao akaketi. Alimtazama Opolot aliyekuwa nyuma kabisa ya umati. Fundi aliinamisha kichwa. Oguttu akajua kwamba siri ya kilichoizima injini, kama yeye angetaka ifichwe, haingetoka kamwe kinywani mwa mtu yule.

"Msilisingizie ziwa," alisema. "Fundi aliniambia injini ni mbovu, nikamcheka mbele yenu. Eriku akaniambia nimsikilize, nikamfokea. Nilikuwa nikifuta mafuta asubuhi ili msiyaone. Ndugu yangu amekufa kwa kiburi changu."

Norah, mjane wa Eriku, aliinua uso wake uliovimba kwa kilio.

"Shemeji, fundi alikuambia lini?"

"Wiki tatu kabla."

"Wiki tatu," Norah alirudia polepole. "Na kazi yenyewe ilikuwa ya muda gani?"

"Siku mbili."

Norah alimvuta mwanawe mdogo kifuani. "Asante kwa kusema kweli. Lakini usiniombe msamaha leo. Hata kesho usiniombe. Nikiupata, nitakuletea mwenyewe."

Oguttu alikubali kwa kichwa. Alichukua sepetu, akajiunga na vijana waliokuwa wakifukia kaburi, wala hakumruhusu mtu kumpokea mpaka udongo ulipojaa. Hapo wazee wa Majanji, waliomjua tangu utotoni, wakatazamana kwa huzuni, na hakuna aliyekuwa na la kuongeza ila lile waliloliacha wahenga: mdharau mwiba mguu huota tende.