Mama Aliyempita Mwanawe

Ndugu zangu, sogeeni mbele kidogo, viti vipo. Nina mama mmoja wa kuwaonyesha.

Mama huyu alikuwa mpishi wa uji katika shule aliyosoma binti yake wa pekee. Walipokuja wakufunzi wa uokoaji kuwafundisha watu wa mtaa, alikwenda na hamu kubwa ya kubeba machela. Mkufunzi mmoja akamwambia, "Katika zoezi hili wewe ni majeruhi. Lala hapo. Huwezi kusema wala kusogea."

Akalala kwenye nyasi. Wenzake wakaingia kiwanjani mbio. Mnadhani walimwendea nani? Walimkimbilia fundi cherehani aliyejifanya amevunjika mguu, na bwana yule alijua kupiga kelele, hata mbwa wa jirani wakamwitikia. Watu wanne wakagombea mguu mmoja. Mama akabaki kuwatazama, akitamani hata mmoja wao ageuke. Viatu vilimpita tu. Yalikuwa maigizo, lakini machozi yaliyomtoka yalikuwa ya kweli.

Mkufunzi akawakusanya. "Anayepiga kelele anapumua," akasema. "Huyu mliyemruka alikuwa anakufa. Haya, rudieni." Wakarudia mpaka wakamchukia mkufunzi.

Miezi ikapita, ukuta wa darasa ukaanguka. Mama alifika wa kwanza, mwiko ungali mkononi. Ndani ya vumbi akasikia sauti anayoijua kuliko zote. "Mama! Niko huku, Mama!"

Wewe ungefanya nini? Usinijibu haraka.

Moyo wake ulikwisha kufika kwa binti. Lakini hapo karibu, chini ya dawati, alilala mtoto wa mwenzake, kimya, midomo imebadilika rangi. Mama akampita mwanawe. Akamtoa yule mtoto udongo kinywani, akamlaza ubavu, akakaa naye mpaka akakohoa. Ndipo akamkimbilia binti yake, aliyekuwa amevunjika mkono.

Mkono ulipona, kinyongo hakikupona. Mama alitamani kuitwa tena kwa sauti ile, na binti hakumwita. Siku moja wakichambua mchele, binti akauliza, "Siku ile hukunisikia?"

"Nilikusikia, mwanangu. Ndiyo maana niliweza kukupita."

Binti akainamia mchele. Kisha akasema, "Nilidhani hukunisikia, Mama."

Sasa tuje kwetu sisi. Ni wangapi hapa tumemlilia Mungu, tukaona anatupita kwenda nyumba ya pili? Inauma, sitawadanganya. Sisemi Mungu ana mikono miwili tu kama mama yule, na kwa nini anapita, mimi sijui. Ninachojua ni kwamba anasikia. Wewe unayelia bado, endelea kulia. Unapumua.

Ninayemwogopea ni yule aliyekuwa akilia nasi mwaka jana, na leo ametulia kabisa. Hatumuulizi kitu, tunasema amepoa. Ameketi kwenye benchi lako. Kabla sijasema amina, geuka umtazame.