Mwinyimvua na Vyungu vya Bi Mize

“Kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza.” Maneno haya yalimtoka Bibi Kidawa asubuhi moja, gari la matangazo lilipopita nje ya ukuta wake likinadi mafuta ya nywele. Mjukuu wake Salha alikuwa ameshainuka kwenda kuyanunua. Akaketi tena, akataka kujua nani aliyesema hivyo kwanza. Ndugu zake nao wakasogea, maana Bibi Kidawa hupenda kuulizwa ingawa hujifanya amechoka. Akawaambia kuwa methali hiyo haikushuka na mvua. Ilitokana na mtu na ulimi wake, na habari zake ni hizi.

Zamani katika mji wa Kichangani, maduka yalipokuwa hayana vibao, palikuwa na mtu aitwaye Mwinyimvua. Kazi yake ilikuwa kupiga upatu, ile sahani ya shaba, na kutangaza mambo ya mji: nani amefariki, mbuzi wa nani amepotea, jumbe anawaita watu lini. Alijaliwa sauti ya kufika mbali, na zaidi ya hiyo hakuwa na kitu.

Siku moja muuza mafuta ya nazi alimwomba ayataje mafuta yake katika mizunguko hiyo. Mwinyimvua akakataa kusema asilolijua. Akachovya kidole, akaonja, ndipo akapita mitaani akisema, “Mafuta ya leo hayajachacha, nimeonja mwenyewe.” Kabla ya adhuhuri mtungi ulikuwa mtupu. Kesho yake akaja muuza asali, akafuata muuza chumvi, na bidhaa ya kila mmoja ilionjwa kwanza. Watu wakazoea kwamba Mwinyimvua akisema ameonja, basi ameonja.

Kazi ikakua. Akamwita rafiki yake Feruzi, waliyelala naye kumbi moja siku za jando, wakakodi banda karibu na soko na kuweka watu wa upatu katika kila mtaa. Haijapata kuonekana biashara ya namna ile. Lakini mtu mwenye wateja wengi hana ulimi wa kutosha. Mwinyimvua alimwachia Feruzi kazi ya kuonja, Feruzi akawaachia watu wa upatu, nao wakawaachia wauzaji wenyewe. Yale maneno “nimeonja mwenyewe” hayakuachwa. Yalitangazia samli iliyooza, yakatangazia na unga wenye wadudu.

Baada ya muda Mwinyimvua akagundua jambo lililomkosesha raha. Muuza mafuta wa kwanza alikuwa haji tena. Muuza asali naye kimya. Waliobaki bandani kwake ni wale ambao mali zao zimelala. Na kulikuwa na mfinyanzi mmoja, Bi Mize wa mtaa wa Bondeni, ambaye hakuwahi kuja hata mara moja, na vyungu vyake vilikwisha kabla ya vya watu wote.

Mtu mwingine angejiuliza kuhusu vyungu. Mwinyimvua alijiuliza kuhusu tangazo. Kwake yeye kitu kisichotangazwa hakiuziki, kama vile uji usiokorogwa haukosi madonge. Basi ikiwa Bi Mize anauza, yupo anayemtangazia kwa siri, na huyo ndiye anayemwibia wateja wote. Akaanza kumtafuta.

Alikaa kwa muuza kahawa mbele ya ua wa Bi Mize, amejifunika kilemba hadi nyusi, kana kwamba mjini kuna asiyemjua. Aliona wanawake wakija, wakigonga vyungu kwa vifundo vya vidole na kusikiliza mlio, wakichukua na kwenda zao. Hakuona mtu wa upatu. Akazidi kushuku, maana mwizi asiyeonekana ndiye hodari. Akamtazama muuza kahawa kwa jicho baya. Akamshuku muadhini. Mwisho, kwa kuwa kikulacho ki nguoni mwako, akamshuku Feruzi.

“Unakwenda Bondeni kufanya nini?” alimuuliza.

“Mke wangu amenituma chungu.”

“Chungu cha Bi Mize. Nani alikwambia ni kizuri?”

Feruzi alidhani ni mzaha, akacheka. Alipouona uso wa mwenzake akaacha.

“Sema tu, Feruzi. Anakupa nini huyo bibi?”

“Mwinyi, tumelala kumbi moja,” Feruzi alisema. Akauvua upatu wake begani, akauweka juu ya mkeka, akatoka. Mwinyimvua akaona kuondoka kule ndiko kukiri.

Mwezi wa Shaabani ukaandama. Ndio wakati ambao kila nyumba Kichangani hununua chungu kipya cha kupikia futari, na Bi Mize, mjane mwenye watoto watatu, alikula mwaka mzima kwa mauzo ya mwezi ule. Mwinyimvua akapata akili. Atavitangaza vyungu vya Bi Mize bure, mji mzima. Yule mtangazaji wa siri atakasirika, atajitokeza, na Bi Mize akishaonja utamu wa upatu atakuja mwenyewe bandani.

Wakatoka watu wake wote. “Vyungu vya Bi Mize havina mfano, nimeonja mwenyewe!” Mtu hajui chungu kinaonjwaje, lakini ndivyo walivyozoea.

Hakujitokeza mtu. Na uani kwa Bi Mize nako hakwenda mtu. Wanawake walifika kwenye pembe ya mtaa, wakatazamana, wakageuka. Siku zikapita, vyungu vikajaa vumbi, na mwezi ukawa unakonda.

Ndipo Bi Mize alipopiga hodi bandani, chungu kichwani.

“Karibu, Bi Mize,” alisema Mwinyimvua, akijua kuwa sasa amempata.

“Sikai. Nani alikutuma unipigie upatu?”

“Nilikutendea wema.”

“Wanangu watakula nini kwa wema huo? Tangu uanze sijauza hata kifuniko.”

Mwinyimvua akasema huenda watu wameshatosheka na vyungu. Bi Mize hakubishana. Alimwita mwanamke aliyekuwa akipita na kapu lake. “Mwanangu, mwaka huu mbona hukuja kwangu?”

Mwanamke akamtazama Mwinyimvua, akaona haya. “Unisamehe, bibi. Tulisikia unapigiwa upatu, tukajua udongo umekuharibikia. Katika mji huu kinachopigiwa upatu ni kile kilichokataliwa.”

“Na zamani nani alikuwa akikuelekeza kwangu?” aliuliza Bi Mize.

“Nani tena? Nilikula mchuzi kwa jirani, nikauliza chungu cha nani.”

Mwinyimvua alijiona kama aliyevuliwa nguo sokoni. Mtangazaji wa siri alikuwa chungu kilicho jikoni kwa jirani, na yeye kwa ajili yake amemfukuza Feruzi.

“Nitapita niwaambie ni vizuri kweli,” alisema kwa sauti ndogo.

“Mungu apishe mbali,” alisema Bi Mize. “Utapita uwaambie ni vibovu.”

“Nitakumaliza, bibi.”

“Umeshanimaliza. Nenda.”

Alikwenda peke yake, kwa miguu mizito. Akagonga upatu kila pembe akasema, “Vyungu vya Bi Mize vinavuja, havifai, nimeonja mwenyewe.” Watu walitoka milangoni, wakasikiliza hadi mwisho, wakarudi ndani kuchukua kanga zao. Ilipofika alasiri ua wa Bi Mize haukuwa na pa kukanyaga. Mwinyimvua alisimama kwa muuza kahawa, safari hii bila kujifunika, akamsikia kikongwe mmoja akitoka na chungu akimwambia mwenzake, “Nilijua tu. Kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza.” Wakacheka. Roho ilimuuma, maana walimwamini kinyume, na walikuwa na haki.

Jioni alikwenda kwa Feruzi na chungu mkononi, akasimama nje. Mke wa Feruzi akakipokea, akakigonga, akasikiliza.

“Nani amekusifia hiki?” Feruzi aliuliza kutoka ndani.

“Hakuna,” alisema Mwinyimvua. “Nimekigonga mwenyewe.”

Feruzi akamwambia aingie. Tangu hapo waliutumia upatu kwa misiba na mbuzi waliopotea tu.

Bibi Kidawa alipofika hapo gari la matangazo lilikuwa linarudi, likisema mafuta yale hayana mfano duniani. Mdogo wake Salha akamuuliza dada yake kama bado anayataka. Salha aliushika msuko wa bibi yake, ambao kwa uzee wote ule ulikuwa mweusi unang’aa.

“Bibi, wewe unapaka nini?”

“Mafuta ya nazi, ya yule mama wa nyuma ya msikiti.”

“Mbona hatujawahi kumsikia akiyatangaza?”

Bibi Kidawa akamtazama tu mjukuu wake, hadi Salha akalisema mwenyewe: kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza.