Pishi Iliyovunjwa

Haba na haba hujaza kibaba, hilo mmefundishwa kabla hamjaota meno. Sisi wa huku twaanzia mwisho wake: pishi hupanda shamba, vibaba hupanda kijiji. Mmeisikia, mkauliza imetoka wapi. Basi ilianza hivi.

Mwaka wa njaa kuu watu walikula hata mbegu. Mtama wa kupanda ulibaki kwa Bi Mashavu, mtunza mbegu wa kijiji: pishi moja tu, ndani ya kibuyu kilichoning'inia juu ya moshi wa jiko. Mvua ilipoanguka, kaya nne zikamjia, na hakuna iliyokuwa na punje.

Mila ilikuwa moja: pishi ya mbegu haivunjwi. Hutolewa nzima kwa kaya moja, la sivyo ardhi hununa. Jumbe Mhina akaamuru wapige kura.

Bi Mashavu akamtazama Mwanjaa, mjane aliyebeba mgongoni mtoto asiye na nguvu hata ya kulia. Kura ikimkosa huyu, mtoto hatayaona mavuno. Moyo wake ukakataa. Akatwaa kibaba chake cha kupimia unga, akakitumbukiza kibuyuni.

"We Mashavu! Wavunja pishi?" Jumbe alifoka.

"Pishi ni vibaba vinne, Jumbe, na kaya ni nne. Mungu keshapiga hesabu, mimi nachota tu."

"Kibaba kitaota nini? Hata kwale hashibi!"

"Kitaota kisipomwagwa ovyo. Punje tatu kila shimo, wanangu. Atakayetupa ya nne, nitamfuata shambani na mwiko!"

Wakacheka, kicheko kilichokuwa kimesahaulika.

Mtama ukasimama katika mashamba yote manne. Siku ya kula mapya, Mwanjaa alimpelekea Bi Mashavu bakuli la uji kabla hajaonja mwenyewe, mtoto akitangulia kwa miguu yake.

"Mama, sina neno linalotosha," alisema.

Bi Mashavu akalipokea kwa mikono miwili, akamshukuru Mungu, akaushukuru na udongo, machozi yakimtiririka.

Jumbe naye alikula, akashiba, akafuta ndevu. "Mavuno mema, sikatai. Ila mila ni mila. Omba radhi, Mashavu, yaishe."

"Pishi hupanda shamba, vibaba hupanda kijiji," alijibu Bi Mashavu. "Radhi siombi, Jumbe. Leo siombi, na kesho siombi."